Neno Likishakufa, Nani Hulifufua? Maswali Yenu Kuhusu Kiingereza cha Zamani

Orodha za "maneno mazuri ya Kiingereza yaliyosahaulika" zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na safari hii zimeniletea barua nyingi. Wapo walioyapenda maneno hayo, wapo wanaoyatilia shaka, na yupo anayetaka tusi la karne ya 19 la kumpa shemeji yake. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Nimeyaokota mtandaoni maneno "apricity" na "respair". Nikiyatia kwenye insha ya mtihani nitaongezewa alama? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

Marahaba. Usiyatie. Msahihishaji ana rundo la karatasi na muda mfupi. Akikutana na "respair" ataipitishia kalamu nyekundu na kuandika "despair" juu yake, nawe hutakuwepo kumweleza kwamba ulimaanisha kinyume chake kabisa: tumaini linalomrudia mtu baada ya kukata tamaa. Neno lenyewe ni zuri, sikatai. Susie Dent, bingwa wa maneno katika kipindi cha televisheni cha Countdown huko Uingereza, amelipigia debe kwa muda mrefu, na mimi ningefurahi likishika. Ila chumba cha mtihani si mahali pa kulifanyia kampeni.

"Apricity" ni joto la jua wakati wa baridi. Lilichapishwa katika kamusi ya Henry Cockeram ya mwaka 1623. Watunga kamusi wa enzi hiyo walikuwa na mchezo wa kuchukua neno la Kilatini, kulivika mkia wa Kiingereza na kuliingiza kitabuni hata kama hakuna aliyewahi kulitamka sokoni. Kwa hiyo usilililie sana: hilo halikusahauliwa, kwa sababu watu wachache mno waliwahi kulijua. Jambo lenyewe linajulikana na mtu yeyote wa Makete au Limuru anayetoka nje asubuhi ya Julai kuota jua, na wala hahitaji Kilatini kulisema.

Nikitafsiri "kesho kutwa" nalazimika kuandika "the day after tomorrow", maneno manne kwa mawili. Nasikia Waingereza walikuwa na "overmorrow". Kwa nini walilitupa? (Mtafsiri, Dar es Salaam)

Sidhani walilitupa, maana halikuwahi kuwakaa mkononi. Mahali panapotajwa sana ni Biblia ya Miles Coverdale ya mwaka 1535, katika kitabu cha Tobiti. Coverdale mwenyewe alieleza kwenye jalada la ndani kwamba alitafsiri kutoka Kijerumani na Kilatini, na Kijerumani kina "übermorgen" mpaka leo, Kiholanzi kina "overmorgen". Ni rahisi kuona neno hilo lilikuja na mkondo gani. Wasomaji wake hawakulichukua, basi likabaki kitabuni.

Lakini kabla hatujawacheka Waingereza, tujiangalie. Kiswahili kina mtondo, siku ya tatu kuanzia leo, na mtondogoo, siku ya nne. Simama Kariakoo umuulize kijana muuza viatu mtondo ni lini. Atakwambia "Alhamisi" au "tarehe ngapi hiyo, bosi?" Neno limo kwenye kamusi, limo vinywani mwa wazee wa mwambao, na mjini linazidi kupungua bila mtu yeyote kulitangazia kifo. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa maneno mengi: hayafutwi na mtu, bali siku moja unagundua aliyelitumia mwisho alikuwa bibi yako.

Habari za kazi. Wanafunzi wangu wanaamini kwamba kila mwaka kamusi hufuta maneno ili kupata nafasi ya mapya. Ni kweli? (Mwalimu wa sekondari, Kitale)

Inategemea ni kamusi ipi, mwalimu mwenzangu.

Kamusi kuu ya Oxford, inayofahamika kwa herufi OED, ilianza kuchapwa kwa vipande mwaka 1884 chini ya mhariri James Murray, ikakamilika 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Toleo la pili, la mwaka 1989, lina juzuu 20. Desturi yake ni kwamba neno likishaingia halitolewi. Likiacha kutumika huwekewa alama ya jambia pembeni, na maelezo yake yanabaki pale pale. Katika toleo hilo la pili maneno ya namna hiyo yalihesabiwa kuwa 47,000 hivi, dhidi ya takriban 171,000 yanayotumika. Neno lililowahi kukosekana kwa njia ya ajabu ni "bondmaid", yaani kijakazi: karatasi zake zilipotea kwenye maandalizi, juzuu ya herufi B ikatoka bila neno hilo, na ilibidi kusubiri nyongeza ya mwaka 1933 lipate kurudishwa. Hilo halikufa. Lilipotezwa tu na makarani.

Kamusi za juzuu moja zina shida ya kurasa, kwa hiyo hizo hufuta kweli. Mwaka 2008 kamusi ya Collins ilitaja maneno 24 ambayo yangetolewa kama hayangeonekana yakitumika vya kutosha, na gazeti la The Times likawaita watu mashuhuri kila mmoja alee lake. Stephen Fry alichukua "fubsy", maana yake mfupi mnene. Andrew Motion, aliyekuwa mshairi wa taifa wakati huo, alichukua "skirr", ile sauti ya mabawa ya ndege wanaporuka. Kampeni ilifurahisha. Lakini angalia kilichoandikwa: karibu kila aliyeandika "fubsy" siku zile alikuwa anaandika kuhusu kampeni ya kuliokoa neno "fubsy". Hakuna aliyekuwa anamwelezea mjomba wake. Kulitaja neno ni kitu kimoja, kulitumia ni kingine, na kamusi inatafuta la pili.

Merriam-Webster ya Marekani nayo iliitoa "snollygoster" mwaka 2003 kwa sababu watu walikuwa wameliacha, ikalirudisha mwaka 2017 kwa kuwa limeanza tena kuonekana. Maana yake ni mwanasiasa mjanja asiye na msimamo wala haya. Sina la kuongeza.

Mzozo wenye uzito zaidi ulihusu kamusi ndogo ya watoto ya Oxford. Toleo la mwaka 2007 liliacha maneno ya viumbe na mimea kama "acorn", "bluebell", "kingfisher" na "otter", likaingiza ya aina ya "blog" na "broadband". Mwaka 2015 waandishi 28, Margaret Atwood akiwa mmoja wao, waliandika barua ya wazi kulalamika. Miaka miwili baadaye mwandishi Robert Macfarlane na mchoraji Jackie Morris wakatoa kitabu cha picha na mashairi juu ya maneno yaliyoachwa, na raia wa kawaida wakachangishana kununua nakala kwa ajili ya shule za msingi. Mimi nawaelewa wote wawili. Mhariri wa kamusi alikuwa anahesabu yale ambayo watoto wanasoma na kuandika, na hesabu yake haikuwa ya uongo. Waliolalamika walikuwa na huzuni kwamba mtoto anaweza kumaliza shule bila kumtambua mdiria kando ya mto. Kamusi ilipigwa kwa kosa la miji.

Taja neno moja tu la Kiingereza lililokufa kweli kweli kisha likafufuka. Siamini kama lipo. (Msomaji, Muscat)

Lipo, na umelisikia. Polisi wakivamia baa usiku, magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huandika "raid". Neno hilo ni ndugu wa "road". Yote mawili yametokana na neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya safari ya farasi, na "raid" ni umbo la Kiskoti. Kufikia karne ya 17 lilikuwa limeshafifia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Walter Scott, mwandishi kutoka Edinburgh, akalitia kwenye mashairi na riwaya zake za mpakani mwa Uskoti na Uingereza, ambako watu walikuwa wakivamiana na kuibiana ng'ombe, na kutoka hapo halijarudi tena kaburini.

Scott alikuwa na mkono huo. "Fitful", kitu cha kukatika-katika kama usingizi wa mgonjwa, lilitumiwa na Shakespeare mara moja katika Macbeth, kisha likanyamaza kwa karne mbili hivi mpaka Scott alipolitumia katika shairi la mwaka 1810. Leo kila mwandishi wa habari anaandika "fitful sleep" bila kumkumbuka yeyote kati yao.

Kuna moja ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu limefufuliwa kwa makosa matupu. Katika karne ya 14 Geoffrey Chaucer, akimsifu shujaa Troilus, alisema hakuna aliyemzidi katika "durring don" mambo yanayompasa mpiganaji, yaani katika kuthubutu kuyatenda. Ni vitenzi viwili vya kawaida vilivyokaa pamoja. Karne iliyofuata John Lydgate akamwiga. Wachapaji wa karne ya 16 wakaharibu herufi, ikatoka "derrynge do". Edmund Spenser alipokuwa anaandika mashairi yake ya wachungaji, yaliyotoka mwaka 1579, alikutana na umbo hilo, akadhani ni nomino, akalitumia hivyo, na maelezo ya pembeni yakamweleza msomaji kwamba ni ushujaa. Baada ya hapo kimya, hadi Scott alipolichukua kwa Spenser na kuliweka katika riwaya ya mashujaa wa enzi za Mfalme Richard, mwaka 1819. Leo "derring-do" limo kwenye matangazo ya filamu za mapanga na farasi. Chaucer akisikia atauliza ni neno gani hilo.

Riwaya hiyo hiyo ya Scott ina neno "nidering", lenye maana ya mwoga asiye na heshima. Nalo lilitokana na mtu kusoma vibaya. Neno la kweli la kale lilikuwa "nithing", lakini kitabu cha historia cha William of Malmesbury kilipochapwa mwaka 1596 herufi zilikosewa, na kosa hilo likasafiri hadi kwa Scott. Sasa rudi kwenye yale maneno 24 ya Collins ya mwaka 2008: "niddering" lilikuwa mojawapo. Watu walikuwa wakihimizwa kuokoa kosa la mchapaji.

Kwa nini Scott alifanikiwa pale ambapo magazeti na kamusi zilishindwa? Alisomwa na umati, hilo la kwanza. La pili, hakuwapa wasomaji orodha. Alimpa mhusika neno mdomoni wakati wa vita au wa kutoroka, mahali ambapo maana inajieleza yenyewe, na msomaji akalimeza pamoja na hadithi. Na la tatu, jambo lenyewe halikuwa na jina jepesi. "Raid" lina silabi moja na linasema uvamizi wa ghafla wa kuingia na kutoka. Nani angeliacha?

Siku hizi anayefanya kazi ya Scott ni matukio. Waingereza wengi hawakuwa na haja ya "furlough", neno la likizo ya mwanajeshi lililotoka Kiholanzi katika karne ya 17. Machi 2020 serikali ilianza kuwalipa wafanyakazi waliokaa nyumbani kwa sababu ya korona, na ndani ya wiki chache kinyozi na mhudumu wa hoteli wote walikuwa wanasema wako "furlough". "Kakistocracy", utawala wa walio wabaya kuliko wote, lilitamkwa kwenye mahubiri ya mwaka 1644, likaibuka tena mwaka 1829, likalala, na mwaka 2024 jarida la The Economist likalichagua kuwa neno la mwaka. Hapo hapakuhitajika kampeni.

Teknolojia nayo huamsha maneno, ila huyaamsha yakiwa na kazi nyingine. "Wireless" lilikuwa jina la redio kwa Waingereza wa kizazi cha vita, likawa neno la wazee, kisha intaneti isiyo na waya ikalirudishia ujana. "Dashboard" lilikuwa ubao wa mbele wa gari la farasi, wa kuzuia matope yanayorushwa na kwato.

Je, "sonder" na "groak" ni maneno ya zamani kweli? Nimeyaona kwenye picha yenye maandishi ya kale na maua pembeni. (Dada wa Mombasa)

"Sonder", kule kutambua ghafla kwamba kila mpita njia ana maisha yenye mambo mengi kama yako, lilibuniwa na John Koenig mwaka 2012. Ni neno jipya lililovishwa kanzu ya babu na watu wa mtandaoni. Mbunifu mwenyewe hakuficha kwamba amelitunga. "Groak" ni la kweli, la Waskoti: kumkodolea macho mtu anayekula, hasa mtoto au mbwa anavyofanya, ukitumaini utakaribishwa. Mombasa mnawajua wadoezi wenu.

Picha yenye maua si ushahidi, lakini hata kamusi nzito huteleza. Mwaka 1886 Walter Skeat, mwanaisimu wa Cambridge, aliyaita maneno yaliyozaliwa na makosa ya waandishi na wachapaji "ghost words", yaani maneno mizimu. Mzimu maarufu kuliko yote ulitokea baadaye: kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934 ilikuwa na neno "dord", likielezwa kuwa densiti katika fizikia. Asili yake ilikuwa karatasi ya mhariri wa kemia iliyoandikwa "D or d", akimaanisha kwamba densiti hufupishwa kwa D kubwa au d ndogo. Mtu akaziunganisha herufi. Liligunduliwa mwaka 1939, mhariri mmoja alipoona kwamba neno hilo halina asili iliyoandikwa.

Nafanya kazi ya uuguzi Leeds. Wagonjwa wazee hunisemesha kwa "thee", "tha" na "nowt". Vijana kazini wanasema hicho ni Kiingereza kibovu. Nami shuleni Tanga nilifundishwa "thou" ni ya Biblia tu. Nani yuko sahihi? (Muuguzi)

Wagonjwa wako. "Thou" ilikuwa ya mtu mmoja na "ye" au "you" ya wengi, kama sisi tulivyo na wewe na ninyi. Baadaye "you" ikawa pia ya heshima kwa mtu mmoja mwenye cheo, na "thou" ikabaki kwa watoto, watumishi, wapenzi na Mungu. Kwenye jamii ambayo kila mtu anaogopa kumkosea mwenzake, watu wakaona salama kumwita kila mmoja "you". Lugha rasmi ikabaki na neno moja kwa mtu na kwa umati, na sasa wenyewe wanahangaika kuziba pengo: kusini mwa Marekani wanasema "y'all", Waayalandi wanasema "youse".

Watu wa Yorkshire, eneo lenye mji wako wa Leeds, hawakufuata mkumbo huo wote. "Tha" na "thee" zao hazikufufuliwa na mtu, kwa sababu hazikufa. "Nowt", yaani "hakuna kitu", ni ndugu wa "naught" na ukoo wake unafika Kiingereza cha Kale. Waquaker, dhehebu la Kikristo, nao walishikilia "thee" kwa sababu ya imani: hawakutaka kumpa tajiri kiwakilishi tofauti na cha maskini.

Jirani yenu Bradford ndiko alikotoka Joseph Wright. Aliingia kiwandani akiwa mtoto mdogo, na alikuwa kijana wa miaka 15 hivi alipojifunza kusoma. Aliishia kuwa profesa wa Oxford, na kati ya 1898 na 1905 alitoa kamusi ya lahaja za Kiingereza ya juzuu sita. J.R.R. Tolkien alikuwa mwanafunzi wake. Waambie hao vijana kwamba maneno ya wagonjwa wako yamo humo, yameandikwa na mtu wa kwao.

Jambo moja la adabu, dada. Wasikilize, lakini usiwajibu kwa "tha". Yorkshire wana msemo wa kumkanya mtoto anayethubutu kumwita mkubwa hivyo. Kiwakilishi hicho kinashuka kwa mdogo au kwenda kwa aliye sawa nawe, hakipandi. Aliyekulia Tanga halihitaji maelezo marefu hilo. Na ukisikia Mmarekani anasema "gotten" usimsahihishe pia. Waingereza walikuwa nalo, wakaliacha kwao, likabaki ng'ambo.

Naandika riwaya ya Kiingereza inayotokea Uingereza ya karne ya 15. Nijaze maneno ya kale ili inoge? (Mwandishi chipukizi, Nairobi)

Kijana wa Bristol aitwaye Thomas Chatterton alifanya hivyo katika miaka ya 1760. Alitunga mashairi, akadai ni ya padri wa karne ya 15 aliyeitwa Thomas Rowley, akayashona kwa maneno ya kale yaliyobanana kama dagaa kwenye kopo. Alikuwa na kipaji cha kutisha. Alifariki mwaka 1770 akiwa na miaka 17. Baadaye Skeat, yule yule wa maneno mizimu, alionyesha katika toleo la mwaka 1871 kwamba maneno hayo yalitoka kwenye kamusi, hasa ya John Kersey, pamoja na makosa yake. Mtu wa karne ya 15 asingeongea kwa maneno adimu tupu. Naye angesema "mkate" na "njoo" mara nyingi kuliko kitu kingine.

Spenser hakudanganya mtu, lakini alipenda sana ukale, na mwandishi wa tamthilia Ben Jonson akamhukumu kwa sentensi moja: kwa kuwaiga wa kale, hakuandika lugha yoyote. Ni ukali uliozidi, ila ubandike ukutani ukiandika. Chagua maneno machache ambayo mhusika wako anayahitaji kwa kazi yake, ya farasi, ya nguo, ya kanisa, na uyaache yarudi-rudi mpaka msomaji ayazoee. Mazungumzo yaliyobaki yaandike kwa Kiingereza chepesi kisicho na misemo ya leo.

Na makosa mawili ya kuepuka. Usiandike "I goeth". Mwisho wa "-eth" ni wa nafsi ya tatu umoja, "he goeth". Na usimwache mhusika atamke "Ye Olde" kwa sauti ya y. Herufi ya mwanzo ilikuwa þ, inayosomwa th, na wachapaji wasiokuwa nayo waliweka y badala yake. Ilisomwa "the" siku zote.

Assalaam aleykum. Sisi hatuchoki kubishana kuhusu maneno ya kigeni. Je, Waingereza nao wamewahi kujaribu kuyarudisha ya kwao na kuyafukuza ya wageni? (Mzee wa Unguja)

Waaleykum salaam, mzee wangu. Wamejaribu, na mara nyingi wameshindwa. John Cheke, msomi wa Kigiriki huko Cambridge aliyefariki 1557, alitaka Kiingereza kiandikwe safi bila mchanganyiko. Katika tafsiri yake ya Injili ya Mathayo aliandika "gainrising" badala ya "resurrection" na "hundreder" badala ya "centurion". Hakuna aliyemfuata. Karne tatu baadaye William Barnes, mchungaji na mshairi wa Dorset, alipendekeza "speechcraft" kwa sarufi, "starlore" kwa elimu ya nyota, na kigari cha kusukumia mtoto akakiita "push-wainling". Mama zao wakaendelea kukiita "pram".

Lakini katika karne hiyo hiyo yalipita mengine kimya kimya. "Handbook" lilikuwapo katika Kiingereza cha Kale, likapotea mbele ya "manual" ya Kilatini, likarudi kwa kuiga Kijerumani. "Foreword" liliundwa kwa mfano huo huo wa Kijerumani. "Folklore" lilipendekezwa na William Thoms gazetini mwaka 1846 na likashika mara moja. Hayo yalikuwa mafupi, yalieleweka kwa kuyasikia tu, na hayakuja na mahubiri. Sisi tuna tarakilishi kwenye vitabu vya shule na kompyuta dukani, kwa hiyo mambo haya unayajua, mzee.

Nipe neno moja la Kiingereza la kale la kumwambia shemeji yangu anayejua kila kitu. (Asiyetaka kutajwa, Arusha)

"Ultracrepidarian". William Hazlitt alilitumia mwaka 1819 kumshambulia mhariri William Gifford. Msingi wake ni kisa cha mchoraji Apelles: fundi viatu alikosoa kiatu katika picha, Apelles akakirekebisha, kesho yake fundi akaanza kukosoa mguu, akaambiwa abaki kwenye kiatu. Kiatu hicho, "crepida" kwa Kilatini, ndicho kimo katikati ya neno. Lakini kwa shemeji ningeshauri "mjuaji". Linafika haraka, na hatakuomba umwandikie herufi zake.

Nitahakikishaje kama neno ni la kale kweli kabla sijalisambaza? (Wasomaji kadhaa)

Anza na OED mtandaoni, ipo huko tangu mwaka 2000. Usisome maana peke yake. Soma mifano iliyo chini yake na tarehe zake. Neno lenye mifano mingi ya karne tatu liliishi. Lenye mfano mmoja tu, tena kutoka kamusi nyingine, lishuku.

Kisha jaribu Ngram Viewer ya Google, inayochora jinsi neno lilivyopanda na kushuka katika vitabu. Uwe mwangalifu na vitabu vya kabla ya mwaka 1800 hivi: wachapaji walitumia s ndefu inayofanana na f, na kompyuta huisoma vibaya, kwa hiyo "best" hutokea kama "beft" na unaweza kudhani umegundua neno lililopotea. Fungua ukurasa wenyewe utazame kwa macho. Sehemu kubwa ya OED hulipiwa. Kama upo chuoni, iulize kwanza maktaba yenu kama inailipia kabla hujatoa pesa yako.